Jinsi Nilivyobaki Dokta

Kwetu Lubumbashi hatungoji mtu amalize masomo ndipo tumpe cheo. Ukiandikishwa sheria, jioni hiyohiyo mtaa mzima unakuita Maître. Ukiandikishwa ujenzi, wewe ni Ingénieur, hata kama hujawahi kushika tofali. Mimi nilianza kuitwa Dokta Agosti 2006, siku barua ya chuo kikuu cha Brussels ilipofika, nikiwa sina hata viza. Baba yangu, fundi wa reli, mtu mrefu asiye na maneno mengi, aliisoma ile barua mara tatu mbele ya majirani. Alipoikunja hakuniita tena kwa jina langu, Mwamba, na alipoacha yeye, wote wakaacha.

Niseme mapema, udaktari sikuuchagua. Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na orodha ya masomo kurasa mbili nzima, na kidole changu kilikuwa kimesimama kwenye jiografia. Mimi ni mtoto wa reli, bwana. Nikiwa na miaka tisa nilijua vituo vyote kwa kichwa toka Sakania mpaka Ilebo, mito yote tunayovuka, na wapi treni inapunguza mwendo kwa sababu udongo ni mbaya. Baba alitazama kidole changu, akauliza jiografia inatibu nani. Akachukua kalamu yake ya kazini akaweka alama mwenyewe kwenye udaktari, akaibonyeza mpaka karatasi ikatoboka.

Bon. Nikafika Brussels, nikapata chumba Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba ambayo zamani ilikuwa ya familia moja na sasa ina kengele nane mlangoni. Darasani tulikuwa zaidi ya mia saba. Waliochelewa walikaa kwenye ngazi, na mimi nilichelewa kila siku, basi mwaka mzima nilisomea kwenye ngazi, daftari juu ya magoti, watu wakinipita na kahawa zao. Kemia ilinipiga. Mifupa niliimudu, lakini mishipa ilinipiga zaidi ya kemia. Nilifeli Juni, nikafeli Septemba, nikarudia mwaka, nikafeli tena. Mtihani wa mwisho wa mwisho, Septemba 2008, profesa aliniuliza mshipa mmoja tu, ule unaopita nyuma ya goti. Nikamtazama, akanitazama. Akaandika kitu kidogo sana kwenye karatasi yake, nikajua nimekwisha.

Dirishani kwa usajili alikuwako mama mmoja wa Kibelgiji, miwani imening'inia kifuani. Aliniambia bila ubaya wowote kwamba udaktari hawatanipokea mara ya tatu. Ninaweza kubadili filière, nichukue masomo mengine, lakini niandike barua ya kueleza sababu, na niilete kabla mwezi haujaisha, maana kibali changu cha kuishi kinategemea masomo. Nikaketi kwenye benchi ya korido nikaandika. Ajabu, kalamu haikusita. Nikamwandikia yule mama nisiyemjua habari za Sakania na Ilebo, za kidole changu kwenye fomu, za kalamu ya baba. Aliisoma akiwa amesimama, akanitazama juu ya miwani, akagonga muhuri. Akanitakia mwaka mwema.

Nikaenda moja kwa moja kwenye téléboutique ya karibu na Gare du Midi, nikaingia kibanda cha simu, nikapiga moyo konde. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani. Baba akapokea, na kabla sijapumua akapaza sauti kwa watu waliokuwa uwanjani kwake, akawaambia wanyamaze, ni Dokta, anatangaza matokeo. Nikawasikia wakinyamaza. Watu wazima, wenye kazi zao, wamenyamaza kwa ajili yangu.

Nikasema nimefaulu.

Msiniulize kwa nini. Ni uoga, hakuna jina lingine.

Jiografia tulikuwa thelathini na wanne tu, na kila mtu alikuwa na kiti. Nilifurahi, sitaficha. Tulipelekwa mashambani na buti, tukachimba mashimo, tukasoma udongo rangi kwa rangi. Kwenye uchoraji wa ramani nikapata kumi na sita juu ya ishirini, mwalimu akasema mbele ya wote kwamba mkono wangu hautetemeki. Siku ile nilipanda tramu na ile karatasi mkononi, sikuiweka begini, nadhani nilitaka mtu aniulize ni nini. Hakuna aliyeuliza. Nikafika chumbani nikaibandika ukutani, nikakaa kitandani nikaitazama, na nikalia kama mjinga. Kufeli peke yako kunavumilika. Kufaulu peke yako, mimi kulinishinda.

Nilikuwa na watu, msidhani. Jumamosi nilikuwa naenda Galerie d'Ixelles, penye maduka ya Wakongo mtaa wa Matonge, kwa maman Yolande, msusi kutoka Likasi, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mdomo mkubwa na roho kubwa zaidi. Pale saluni Kiswahili kilikuwa kinamwagika tangu asubuhi. Ila pale pia mimi nilikuwa Dokta. Papa Hilaire, anayeuza kadi za simu mlango wa pili, alikuwa akikunja shati nimtazame mgongo. Wanawake walinifunulia miguu ya watoto wao, vipele, majipu. Nikiwa mwanafunzi wa udaktari nilikuwa nacheka, nawaambia waende kliniki. Nilipokuwa si mwanafunzi wa udaktari tena, ile Dokta ilianza kunichoma kila ilipotamkwa.

Halafu kuna siku ya Porte de Namur. Mwalimu alitutuma tukahesabu waenda kwa miguu mwanzo wa Chaussée d'Ixelles, kila mmoja na kona yake, kibao na karatasi, tuweke alama kwa kila anayepita. Nimesimama pale na fulana ya njano, naweka alama, mara maman Yolande huyu hapa, mifuko mikono yote miwili. Akaniuliza ninahesabu nini. Shetani akanipa jibu haraka kuliko malaika. Nikamwambia ninahesabu wanaochechemea, ni uchunguzi wa magonjwa ya miguu. Basi! Kufika saa kumi Galerie nzima ilikuwa inajua kwamba chuo kikuu kimemteua Dokta wetu kuchunguza miguu ya Brussels, na papa Hilaire aliapa kwamba aliniona nikipima watu. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Na iliyofuata. Nikawa naongea Kiswahili Jumapili tu, kwenye simu na nyumbani, na Kiswahili chenyewe cha uongo.

Sasa niseme lile lililo baya kuliko yote, maana hili ndilo linalonifanya nieleze.

Katikati ya 2009 baba aliniambia kwenye simu kwamba ana kiu. Anakunywa maji mtungi mzima, na usiku anaamka mara nne, mara tano. Alisema hivi kwa kucheka. Mimi nilikuwa nimefeli udaktari, lakini sikuwa nimefeli kiasi cha kutojua hiyo ni nini. Nilijua. Alipaswa kwenda kupimwa damu wiki ileile. Lakini nikaona mbele yangu daktari wa Lubumbashi akimwuliza baba mwanao yuko mwaka wa ngapi, anasoma kwa profesa gani, hebu nipe namba yake tuongee. Nikaogopa. Nikamwambia baba aache sukari kwenye chai.

Akaacha. Mama aliniambia ameitoa hata bakuli ya sukari nyumbani, anamkemea mgeni anayeiulizia, anasema Dokta amekataza. Nami nilifurahi kutiiwa, Mungu anisamehe. Mtu niliyekuwa nikikaa siku nne bila kuongea na yeyote, nilifurahi kwamba mahali fulani kuna nyumba inaendeshwa kwa neno langu.

Februari 2010, siku ya Jumatano mchana, nilikuwa kwenye korido ya chuo nangoja somo la mito, simu ikaita. Dada yangu Inès. Alikuwa akiongea chini chini kwa hasira. Baba alipata kidonda kwenye kidole cha mguu tangu Krismasi, kiatu kipya kilimchubua. Akawakataza wasiniambie, nisisumbuliwe wakati wa mitihani. Akawa anakifunga kitambaa mwenyewe. Sasa mguu umekuwa mweusi, unanuka, wamembeba kwa nguvu mpaka hospitali, na pale hospitali amekataa kusaini. Anasema ana dokta wake.

Inès akampa simu daktari aliyekuwa zamu, aliitwa Donat, sauti ya mtu aliyechoka. Akanisalimu kwa heshima, akaniita confrère, daktari mwenzake. Akanieleza kwa Kifaransa cha kitabuni, haraka, kama wanavyoongea wao kwa wao: sukari imepanda mno, imekaa miezi bila dawa, nyama imekufa mpaka juu ya kifundo, damu haishuki tena. Akataja ule mshipa wa nyuma ya goti. Jina lake zima alilitaja, lile ambalo profesa alilingoja kinywani mwangu mpaka akachoka. Alisema wakate chini ya goti leo au kesho, wakichelewa watakata juu, wakichelewa tena hakuna cha kukata. Baba hamsikilizi mtu. "Umwambie wewe," alisema. "Anakungoja wewe tu."

Nikasikia simu inapokewa na mkono mwingine, na pumzi ya baba.

"Mwanangu," akasema, halafu akajirekebisha. "Dokta. Hawa bantu banataka kunikata muguu. Minabaambia bangoje."

"Papa, kama dokta wa pale anasema..."

"Yule mi simujui. Weye ninakujua. Ukisema hapana, minarudia ku nyumba na muguu yangu. Ukisema ndiyo, bakate. Muntu mwingine hapana."

Tangu siku ya ule muhuri nilikuwa nimejiambia kwamba ukweli utasemwa siku itakayofaa. Basi siku hiyo ilikuwa imefika, na ukweli ungemuua. Ningemwambia papa, mimi si dokta, mimi nachora mito, angefanya nini? Namjua. Angemrudishia Inès simu, angeomba fimbo yake, angekwenda nyumbani kufa na mguu wake, na njiani asingesema neno. Hakuna aliyebaki mwenye mamlaka ya kumwokoa isipokuwa yule Dokta, na Dokta hakuwepo. Kulikuwa na mimi tu, na buti zenye matope ya shamba la watu.

"Bakate, papa," nikasema. "Chini ya goti. Leo, usingoje kesho."

"Njo vile?"

"Njo vile."

"Bon," akasema, na akampa Inès simu. Nikamsikia akiomba kalamu.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya korido. Somo likaanza bila mimi. Wenzangu waliochelewa walinipita, mmoja akaruka miguu yangu, akasema pardon. Nilikuwa nimemkata baba yangu mguu kwa maneno mawili, na miezi minane kabla nilikuwa nimeuua kwa maneno machache vilevile, na katika jengo lile lenye watu elfu hakukuwa na hata mmoja wa kumwambia. Nilipiga simu Lubumbashi mara saba mpaka jioni. Mara ya saba Inès akasema ametoka salama, amelala.

Habari zikafika Galerie kabla ya wiki kwisha, zimetiwa chumvi ya kutosha. Mimi nilikuwa nimeongoza operesheni kwa simu. Jumapili kengele yangu ikalia, maman Yolande akapanda ghorofa tatu akihema, na sufuria ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, imefungwa kwa kitenge. Amekuja kunipongeza. Akaingia, akatafuta pa kuweka sufuria, na macho yake yakaanza kutembea ukutani. Ramani ya mto Senne. Ramani ya udongo. Ile kumi na sita juu ya ishirini, na jina la somo juu yake kwa herufi kubwa. Akazunguka polepole. Chumba changu ni kidogo, halikuwa jambo la kuchukua muda.

"Na bitabu bya dawa?" akauliza.

Nikasema viko chuoni. Akaketi kwenye kitanda, kitenge mapajani, akakaa kimya, yeye ambaye sijawahi kumwona kimya hata kanisani. Nikatamani anitukane, anipige, mradi tuwe wawili tunaojua.

"Tangu lini?"

"Mwaka na nusu, maman."

Akatikisa kichwa. Akafungua sufuria, akanipakulia, akanitazama nikila kama mtoto mgonjwa. Alipokuwa anasimama kuondoka alinishika shavu.

"Sasa hauwezi tena kumuambia," akasema. "Ile muguu hairudie."

Hajawahi kumwambia mtu. Nikimkuta Matonge ananisalimu vizuri, ananiuliza kama nimekula, lakini haniiti jina lolote. Dokta haitoki mdomoni mwake, na akiniita Mwamba anaogopa watu watamwuliza kwa nini. Kwa hiyo nimepunguza kupita pale.

Mimi nilijaribu hata hivyo. Mei, baba alipokuwa ameanza kutembea na magongo, nilimpigia nikamwambia kuna neno nataka kumwambia. Akasema subiri, aanze yeye. Akasema dokta Donat amemweleza kwamba zingepita siku mbili zaidi angekuwa amezikwa. Akasema kila asubuhi anapotafuta mguu wa kuvaa kiatu, anakasirika, halafu anakumbuka ni nani aliyesema ukatwe, na hasira inakwisha. Kama ni mtu mwingine, asingemsamehe mpaka kaburini. Kisha akaniuliza neno lenyewe ni lipi.

Nikamwambia ahakikishe bandeji ni kavu.

Matokeo ya mwaka wa tatu yalitangazwa Juni 2011, siku ya Alhamisi, kwenye ukumbi mdogo. Waliita majina kwa sauti. Nilifaulu kwa heshima, wa nne katika darasa. Watu walipiga makofi, wazazi wa Kibelgiji walikumbatia watoto wao, mmoja alinipa mkono akanipongeza na mimi pia, baba wa nani sijui. Nikatoka nje kwenye nyasi nikapiga simu. Kwa mara ya kwanza tangu 2008 nilikuwa na jambo la kweli la kuwaambia.

"Papa, nimefaulu."

Akapiga kelele. Kwetu anayefaulu humwagiwa poda, poda ileile ya watoto wachanga, kichwani, usoni, mabegani, mpaka anageuka mweupe, kisha anatembezwa mtaani kila mtu aone. Mwenye kufaulu akiwa mbali, poda haiwezi kupotea bure. Nikamsikia baba akiamuru wamwagie yeye. Simu ilikuwa kwa Inès sasa, akawa ananieleza kinachotendeka: mama analeta kopo, majirani wanaingia, papa amekataa kukaa, anataka kusimama, ameacha magongo, amemshika mama bega. Vigelegele vikanijaa sikioni. Baba Dokta, walikuwa wakiimba, Baba Dokta. Nilikuwa nimefaulu kweli, kwa jasho langu, wa nne katika darasa, na hakuna mmoja kati yao aliyekuwa akinishangilia mimi.

Baba akachukua simu, anakohoa poda.

"Dokta, iko inaingia mu macho," akasema, na sikuweza kujua kama anacheka. Akapumua kidogo. Halafu akanieleza kwamba Donat anamsumbua kila mwezi, anataka kumpa mguu wa bandia, tayari amepata mmoja mzuri kutoka kwa wamisionari. Amemkatalia. "Minamuambia hapana. Mwanangu njo alikata, mwanangu njo atakuja kunipimia ingine. Unabakisha miaka ngapi?"

Nyuma yangu walikuwa wanaitana kupiga picha ya darasa.

"Miwili, papa."

"Bon," akasema. "Nitasimama na hii moja."